Pampu kubwa, udhibiti duni: Hatari iliyojificha katika magari yaliyoongezewa nguvu

MJADALA kuhusu ukaguzi wa magari ya kibinafsi, uliofufuka mwaka 2025 baada ya rasimu ya kanuni mpya kupendekeza kwamba magari yaliyopitisha miaka minne tangu kuundwa yafikishwe kwa mkaguzi, umetawaliwa na breki, magurudumu, taa na moshi. Hakuna anayeweza kupuuza mambo hayo. Hata hivyo, kuna sehemu moja ya gari ambayo mkaguzi haioni hata akiingia uvunguni, na ambayo wapenzi wa magari ya kasi humu nchini huibadilisha bila kuulizwa na yeyote. Sehemu hiyo ni mfumo wa umeme unaoiendesha pampu ya mafuta.

Kwa mtazamo wa kwanza hilo ni suala la mafundi peke yao. Lakini pampu hiyo ndiyo inayosukuma petroli kutoka kwenye tangi hadi kwenye injini yenye moto, na anayeamua iende kwa kasi gani, na zaidi ya yote isimame lini, ameshika jambo linalowahusu wote wanaoitumia barabara.

Mapenzi ya Wakenya kwa magari haya yana historia. Colin McRae alishinda mbio za Safari Rally mwaka 1997 na Richard Burns akazishinda mwaka 2000, wote wakiendesha Subaru Impreza. Mbio hizo zilipotoka katika ratiba ya ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002, gari lilibaki barabarani na sifa zake zikabaki nalo. Ziliporejea Naivasha mwaka 2021, waliokuwa watoto wakati wa Burns walikuwa tayari na mishahara na leseni. Impreza WRX, STI na Forester zenye turbo, zilizonunuliwa mitumba kutoka Japani, ndizo zinazosikika zikinguruma usiku katika barabara kuu ya Thika.

Wengi wa wenye magari hayo hawaridhiki na nguvu walizoyakuta nazo. Huanza na bomba la moshi, kisha turbo kubwa zaidi, kisha nozeli za kunyunyiza mafuta mengi zaidi, na hatimaye pampu. Kila hatua hujadiliwa kwa kina, na bei zake hulinganishwa kuanzia barabara ya Kirinyaga hadi Eneo la Viwandani. Kinachosahaulika ni kijisanduku kidogo kilicho sehemu ya nyuma ya gari, ambacho huamua pampu ipewe umeme kiasi gani.

Ili kuelewa kazi ya kijisanduku hicho, hesabu kidogo inahitajika. Injini iliyowashwa gari likiwa limesimama haichomi zaidi ya lita moja au mbili za petroli kwa saa. Injini hiyo hiyo yenye turbo, ikitoa nguvu za farasi 300, huhitaji takriban lita 110 kwa saa, na ikifikishwa 400 huhitaji karibu lita 150. Pampu ni moja tu, na lazima iweze kuhudumia hali zote hizo.

Wahandisi wa Subaru walilitatua tatizo hilo kwa kidhibiti kinachokata na kuunganisha umeme kwa kasi kubwa, hivi kwamba pampu hupata theluthi moja ya nguvu injini inapopumzika, theluthi mbili katika mwendo wa wastani, na nguvu zote dereva anapokanyaga mafuta hadi mwisho. Toyota Supra ya miaka ya tisini na Nissan Skyline GT-R zilikuwa na mbinu za aina hiyo, japo zao zilipunguza volti kwa hatua badala ya kukata umeme. Lengo lilikuwa lile lile: pampu isifanye kazi isiyo na haja, isipige kelele, na isichemshe mafuta.

Kidhibiti cha kiwandani kiliundwa kwa ajili ya pampu ya kiwandani. Fundi anapoitoa na kutia nyingine yenye uwezo wa lita 255 kwa saa, au 320, au hata 450, umeme unaopita katika kijisanduku kile huongezeka sana. Pampu kubwa kabisa za aina hii zinaweza kunywa ampea 15 na zaidi zinaposukuma dhidi ya shinikizo kubwa. Kijisanduku hupata joto. Huenda kikavumilia wiki, miezi, hata miaka miwili. Kikichoka, hakichagui wakati wa upole, kwa kuwa kazi yake ngumu zaidi ni ile ya dereva kukanyaga mafuta yote.

Hapo mafuta hupungua wakati hewa ingali inasukumwa na turbo. Mchanganyiko huwa na hewa nyingi kuliko mafuta, joto ndani ya silinda hupanda, injini huanza kugonga, na pistoni hupasuka au kuyeyuka. Yote haya huchukua sekunde chache. Mwenye gari hulaumu turbo, hulaumu petroli, humlaumu fundi aliyebadilisha programu ya kompyuta, na mara nyingi injini nyingine ya mtumba hununuliwa na kufungwa na kijisanduku kile kile.

Njia ya mkato iliyoenea ni kukiruka kidhibiti kabisa. Waya mnene huvutwa kutoka kwenye betri hadi kwenye tangi, rilei huwekwa katikati, na pampu hupewa volti zote wakati wote. Njia hii si ya kudharauliwa. Nyaya nyembamba za kiwandani, hasa katika gari lililotumika miaka kumi na mitano, hupoteza umeme njiani. Na volti moja tu ikipotea, mafuta yanayotoka kwenye pampu yanaweza kupungua kwa sehemu moja kati ya kumi au zaidi. Kuna wenye magari walionunua pampu kubwa kumbe walichohitaji ni waya mzuri. Fundi mwaminifu hupima volti kwenye pampu yenyewe, injini ikifanya kazi, kabla ya kupendekeza chochote kinunuliwe. Fundi wa aina hiyo hapendwi sana na wauza vipuri.

Lakini waya wa moja kwa moja una gharama zake, na gharama ya kwanza ni joto.

Katika mfumo wa Impreza hizi, mafuta ambayo injini haikuyatumia hurudi kwenye tangi. Pampu ya lita 255 inayozunguka kwa nguvu zote wakati injini inachoma lita mbili tu, hurudisha karibu mafuta yote, yakiwa yamepita karibu na injini na kubeba joto lake. Tangi la lita 60 likiwa limejaa, petroli yote huzungushwa takriban mara nne kwa saa. Tangi hilo likiwa na lita 10, huzungushwa zaidi ya mara 20.

Sasa lichukuliwe gari hilo na kuwekwa katika msongamano wa barabara ya Jogoo au Mombasa Road saa kumi na moja jioni. Tangu petroli ilipovuka Sh200 kwa lita jijini Nairobi mnamo Septemba 2023, ilipouzwa Sh211.64, wengi wamezoea kuweka mafuta ya elfu moja au elfu mbili kwa wakati mmoja. Bei imeshuka na kupanda tangu hapo. Mazoea hayo yamebaki. Tangi lenye lita chache, pampu isiyopumzika na foleni ya saa nzima hutengeneza petroli moto, na petroli moto huanza kutoa mvuke ndani ya pampu. Pampu hupoza sehemu zake kwa mafuta yanayopita ndani yake, kwa hivyo mvuke huinyima poza hiyo na kuipunguzia uwezo kwa pamoja. Pampu inayosemekana kuwa mbovu baada ya miezi sita pengine haikuwa mbovu ilipofungwa.

Kuna pia suala la shinikizo. Kifaa kinachorekebisha shinikizo la mafuta kiliundwa kurudisha kiasi fulani tu. Kikizidiwa na mafuta mengi, shinikizo hupanda injini inapopumzika, nozeli hunyunyiza kupita kiasi, gari hutoa moshi mweusi na kunywa mafuta bila faida. Kwa mwenye gari anayelalamikia bei ya petroli kila tarehe 14 ya mwezi, wakati Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Mafuta (EPRA) inapotangaza bei mpya, hilo ni jambo la kufikiriwa.

Kati ya kidhibiti cha zamani na waya wa moja kwa moja, zipo njia za wastani. Ya kwanza ni ya hatua mbili: pampu hupewa nguvu pungufu katika mwendo wa kawaida, na swichi inayohisi shinikizo la turbo huipa nguvu zote hewa inaposukumwa. Ni njia ya bei nafuu na inayoeleweka, ila swichi hiyo ikikwama, tatizo la mafuta kupungua hurudi kwa mlango wa nyuma. Ndiyo maana aliye makini huipanga ili kasoro yoyote iiache pampu katika kasi ya juu, si ya chini.

Ya pili ni kidhibiti kipya cha kielektroniki chenye uwezo mkubwa wa ampea, kinachopokea amri kutoka kwenye kompyuta ya injini na kurekebisha kasi ya pampu kidogo kidogo kulingana na mahitaji. Kompyuta za Link, Haltech na MoTeC, ambazo baadhi ya wenye magari ya mbio huzitumia badala ya ile ya kiwandani, zinaweza kutoa amri ya namna hiyo. Hii ndiyo njia bora kwa gari lenye pampu ya lita 400 na zaidi ambalo pia hupeleka watoto shuleni. Inahitaji kifungwe mahali penye hewa, juu ya bamba la chuma la kupunguza joto, na programu ipangwe na mtu anayejua anachofanya. Kidhibiti ghali kilichofungwa nyuma ya zulia la buti hakina tofauti kubwa na kile kilichoungua.

Wapo pia wanaochagua kifaa cha kupandisha volti, ambacho huipa pampu zaidi ya volti za kawaida pale turbo inapofanya kazi. Hufaa pale ambapo kuitoa pampu ni kazi kubwa. Kwa Impreza, ambayo pampu yake hufikiwa kwa kuinua kiti cha nyuma, sababu ya kukitumia ni hafifu.

Kwa gari lenye nguvu za farasi 350 au pungufu, na hayo ndiyo mengi humu nchini licha ya majigambo ya wenyewe, pampu nzuri ya lita 255, nyaya mpya zenye unene unaofaa na kidhibiti kilichopimwa hutosha. Pampu ya lita 450 katika gari la namna hiyo ni sawa na kufunga bomba la zimamoto ili kumwagilia sukuma wiki.

Si hoja ya kudai kwamba vya kiwandani havina dosari. Mnamo Januari 2020 Toyota ilitangaza kuyaita karibu magari 700,000 nchini Marekani kwa sababu ya pampu za mafuta zilizotengenezwa na Denso, na kufikia Machi mwaka huo idadi ilikuwa imepanda hadi milioni 1.8. Pangaboi ya plastiki ndani ya pampu ilikuwa ikifyonza mafuta, ikivimba na kukwaruza. Mnunuzi wa gari la mtumba kutoka Japani anafaa kuuliza, kwa kutumia nambari ya chesisi, iwapo gari lake liliwahi kuitwa na iwapo liliitikia.

Upande mwingine wa soko ni wa bidhaa ghushi. Nakala bandia za pampu ya Walbro ya lita 255 zinajulikana kote duniani, zikiwa na kasha na nembo zinazofanana na za halisi. Sheria dhidi ya bidhaa ghushi ilipitishwa Kenya mwaka 2008 na mamlaka ya kuitekeleza ipo, lakini mnunuzi aliye mbele ya kaunta hana kipimo zaidi ya bei. Bei ikiwa nusu ya ile inayotozwa na muuzaji rasmi, jibu limekwisha kutolewa.

Kutoka Nairobi hadi baharini

Kuna kosa moja ambalo jiografia ya Kenya hulifanya kuwa kubwa kuliko kwingineko. Karakana nyingi zinazoongeza nguvu za magari ziko Nairobi, takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hapo shinikizo la hewa ni kama asilimia 82 ya lile la Mombasa. Gari hupimwa, programu hupangwa, mafuta huonekana kutosha, na mwenye gari hukabidhiwa ufunguo.

Disemba ikifika, gari hilo huteremka kilomita karibu 480 hadi Pwani. Turbo iliyopangwa kusukuma bar moja juu ya hewa ya nje sasa inaanzia kwenye hewa nzito zaidi. Jumla ya hewa inayoingia kwenye injini huongezeka kwa takriban sehemu moja kati ya kumi. Joto la Pwani hupunguza kiasi cha ongezeko hilo, lakini halilifuti. Pampu iliyokuwa ikitosha kwa shida Nairobi haitoshi tena Mariakani. Anayechagua pampu na kidhibiti chake akiwa Nairobi anafaa kufanya hesabu za Mombasa.

Ubora wa petroli huongeza uzito. STI za soko la Japani ziliundwa zikitarajia petroli ya hali ya juu inayouzwa huko, ambayo kwa kawaida ina kiwango cha okteni 100. Petroli ya kawaida ya Kenya haifiki hapo, na ikichanganywa na mafuta taa hushuka zaidi. Ushuru wa Sh18 kwa lita uliowekewa mafuta taa mwaka 2018 ulikusudiwa kuondoa tamaa ya walaghai hao. Ulimuumiza pia mama anayepikia stovu, lakini huo ni mjadala mwingine. Kwa injini yenye turbo, petroli duni na pampu isiyotosha ni maadui wanaoshirikiana.

Swali la kuzima

Yote yaliyotangulia yanahusu mfuko wa mwenye gari. Linalofuata linahusu maisha yake na ya wengine.

Katika gari lililotoka kiwandani, pampu haiwaki kwa sababu tu ufunguo umezungushwa. Kompyuta huiwasha kwa sekunde chache ili kujaza mabomba, kisha huizima isipopata ishara kwamba injini inazunguka. Injini ikizimika barabarani, kwa mfano baada ya kugongana na lori, ishara hupotea na pampu husimama. Baadhi ya watengenezaji, Ford wakiwemo, kwa miaka mingi waliongeza swichi inayokata umeme wa pampu gari linapopata mshtuko mkubwa.

Fundi anayevuta waya kutoka kwenye betri na kuiwasha rilei kwa ufunguo peke yake huwa ameifuta kinga hiyo. Gari likipinduka, bomba la mafuta likikatika na dereva akiwa amezirai, pampu ya lita 255 huendelea kumwaga zaidi ya lita nne kila dakika juu ya injini moto, hadi mtu afike aufikie ufunguo. Katika nchi ambayo zaidi ya watu 4,000 walifariki barabarani katika kila mwaka kati ya 2022 na 2024, hiyo si hatari ya kubuniwa ili kuwatisha vijana.

Kinachosikitisha ni kwamba kinga hiyo haihitaji kupotezwa. Rilei mpya inaweza kuwashwa na waya ule ule wa kiwandani ambao kompyuta huutumia kuiruhusu pampu. Nguvu hutoka kwenye betri, lakini amri hubaki kwa kompyuta. Mafundi wengine huujua waya huo lakini huuchukua mahali pasipofaa, baada ya kidhibiti, ambapo umeme hukatwa na kuunganishwa mara nyingi kwa sekunde. Rilei hutetemeka, hulia kama panzi, na kuungua. Mwenye gari akirudi akilalamika, jibu la haraka ni kuiunganisha na ufunguo. Tatizo la kelele huisha hapo.

Wanaotetea njia hiyo husema kwamba hivyo ndivyo magari ya mbio yanavyofanywa. Sivyo. Kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Magari (FIA) zinaagiza kwamba pampu za mafuta zifanye kazi tu injini inapozunguka, isipokuwa wakati wa kuiwasha, na gari la mashindano lazima liwe na swichi kuu ya kukata umeme wote inayoweza kufikiwa hata na mtu aliye nje. Magari yanayotimua vumbi Naivasha yana ulinzi ambao jamaa zao wa barabara ya Thika wameunyofoa.

Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA) haihitaji mitambo mipya ili kuligundua tatizo hili. Mkaguzi huzungusha ufunguo bila kuiwasha injini, kisha husikiliza karibu na kiti cha nyuma. Pampu iliyofungwa inavyostahili husikika kwa sekunde mbili hivi na kunyamaza, na katika magari mengine haisikiki kabisa. Ikiendelea kuvuma baada ya sekunde kumi, gari hilo lirudishwe kwa fundi kabla ya kuruhusiwa barabarani. Jaribio hilo halina gharama na mwenye gari anaweza kulifanya mwenyewe jioni hii akiwa amesimama katika maegesho ya nyumbani kwake.